Maswali na Majibu: Nati za mashine ya kusaga zinalegea kila wiki, nivunje zege?

Swali: Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga mahindi hapa Makambako. Injini ni ya dizeli, silinda moja, HP 22, inazungusha kinu cha nyundo kwa mikanda mitatu. Fundi aliyeifunga aliweka vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu ya injini ili isitikisike. Miezi miwili ilienda vizuri. Sasa nati zinalegea kila baada ya siku tatu nne, mikanda inaruka na kulika upande mmoja, na bolti moja ya nyuma imekatika. Nimekaza kwa spana na bomba la kurefushia, nimeweka washa za springi, nimeweka nati mbili mbili, nati moja nimeichomelea kabisa. Zege limeanza ufa kwenye kona. Je, nivunje nijenge upya? Na mikanda inahusiana na tatizo hili?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya yote, zima hiyo mashine na uivue mikanda. Injini iliyobaki na bolti tatu, moja ikiwa imechomelewa, haifai kuwashwa hata kwa debe moja la mteja.

Sasa ichukue bolti iliyokatika, ifute grisi, uitazame kwenye mwanga wa jua pale ilipokatikia. Ukikuta sehemu kubwa ni laini, ina mistari myembamba iliyopinda kama ya ganda la kome, na kipande kidogo tu ndicho chenye chembechembe zinazong'aa, basi ufa ulianza siku nyingi na bolti imechoka kwa kuvutwa na kuachiwa. Ukikuta imevutika hadi shingo ikawa nyembamba, hapo ilikazwa kupita uwezo wake. Kwa maelezo yako natarajia ile ya kwanza. Bolti iliyokazwa sawasawa haiusikii sana mtikisiko, kwa sababu fremu na zege vimebanana na vinakwenda pamoja. Ikilegea, kila pigo la pistoni linaishia kwenye bolti yenyewe.

Na pigo hilo si dogo. Chukua pistoni na sehemu ya konrodi (mkono unaoiunganisha na shafti ya injini) inayokwenda nayo zenye jumla ya kilo 2, safari ya milimita 115, mizunguko 2200 kwa dakika. Ukipiga hesabu, nguvu ya kwenda na kurudi inapita kilo 600, mara 37 kila sekunde. Vizani, yaani vyuma vya kusawazisha vilivyomo ndani ya injini, vinapunguza sehemu ya nguvu hiyo, na inayobaki inabebwa na msingi wako.

Hapa ndipo kiini cha swali lako kilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Bolti ya msingi hufanya kazi kama springi ngumu sana: unapokaza nati unaivuta, inarefuka kidogo, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo inayobana mashine. Bolti ya M16 (yenye unene wa milimita 16) ya chuma cha kawaida, yenye milimita 200 zinazovutika, ikikazwa inavyotakiwa inarefuka karibu milimita 0.16 tu. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1. Maana yake, chochote kilicho kati ya nati na zege kikibonyea kwa unene wa karatasi moja na nusu, mkazo wote umekwisha, na nati haijazunguka hata kidogo.

Sasa fikiria kipande cha tairi chini ya mguu wa injini. Mpira ukibanwa unaendelea kusinyaa polepole, mchana na usiku, na joto la injini linauharakisha. Hauondoki milimita 0.16, unaondoka milimita nzima na zaidi. Rangi nene chini ya miguu hufanya hivyo hivyo kwa kiwango kidogo, na vibanzi vya mbao ndiyo usiseme. Kuna mashine zinazofungwa juu ya mpira kwa makusudi, lakini hizo zina mipira maalumu iliyopigiwa hesabu, na bolti zake hazibani mguu moja kwa moja kwenye zege. Kuchanganya njia hizi mbili ndiko kulikokufikisha hapa.

Kuna jaribio dogo la kuthibitisha. Siku ukikaza tena, piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati, kupitia washa, hadi kwenye fremu. Nati ikilegea na mstari haujakatika, kitu kimebonyea chini yake, na hapo nati ya pili wala washa ya springi haisaidii kitu. Mstari ukiwa umehama, basi fremu inateleza kushoto na kulia na kuizungusha nati, na unatakiwa kutafuta kwa nini inateleza. Ile nati uliyoichomelea ikate. Kuchomelea kunaharibu chuma cha bolti pale pale kinapobeba mzigo, na tena huwezi kukaza upya.

Adui wa pili ni mguu unaoning'inia. Umewahi kukaa kwenye meza ya mgahawa yenye mguu mmoja mfupi? Fremu yako inaweza kuwa hivyo hivyo, ila huioni kwa sababu bolti zimeivuta ikalala kwa nguvu. Ikivutwa hivyo inajikunja, shafti inakwenda upande, na puli inahama. Kupima ni rahisi. Ondoa mipira yote, safisha miguu na sehemu inapokalia hadi chuma cheupe, kaza bolti zote. Kisha legeza moja tu, ukiwa umeweka geji ya saa (kipimo chenye sindano kinachoonesha mwendo mdogo sana) yenye sumaku juu ya mguu huo. Sindano ikipanda zaidi ya milimita 0.05, mguu huo haukai. Kwa fremu ya kuchomelea inayoendeshwa kwa mikanda sitagombana nawe hadi 0.1. Kaza tena, nenda kwenye mguu unaofuata. Huna geji ya saa? Bolti ikiwa imelegezwa, jaribu kupenyeza fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo), au karatasi moja ya fotokopi, pande zote nne za mguu. Zunguka pande zote, kwa sababu mguu mwingine umekaa ukingo mmoja na mwingine uko hewani, na shimu nzima (kibati cha kujazia pengo) hapo itakudanganya.

Pengo lijaze kwa shimu za chuma, za chuma kisichoshika kutu ukizipata, zilizokatwa umbo la kiatu cha farasi ziizunguke bolti. Zisizidi tatu au nne kwa mguu mmoja. Vibati vingi vyembamba vikipangwa pamoja vinageuka springi, na tumerudi kwenye tairi. Pengo likiwa kubwa, weka bamba moja nene na shimu moja au mbili juu yake.

Sasa zege. Usivunje kabla hujajua kama linastahili. Mimina maji yenye sabuni kwenye ufa na kuzunguka ukingo wa fremu. Kwa hili tu utawasha injini dakika moja bila mikanda, nati zikiwa zimekazwa, bolti iliyokatika ikiwa na mbadala, na watu wakiwa mbali. Mahali povu linapopumua, ndani na nje, pana mwendo. Povu likipumua kati ya fremu na zege tu, tatizo ni ukalio na utaliponya kwa shimu na grauti (udongo wa saruji wa kujazia chini ya fremu). Likipumua kwenye ufa wenyewe, kona hiyo imeachana na mwili wa msingi na haiwezi kushika bolti tena.

Pima pia uzito. Kwa injini ya pistoni mimi hutumia kanuni ya zamani ya mafundi: msingi uwe na uzito wa angalau mara tano ya mashine inayokaa juu yake. Injini na reli zake zikiwa kilo 200, unahitaji kilo 1000 za zege. Mita moja ya ujazo ya zege ni karibu kilo 2400, kwa hiyo unatafuta mita 0.42 za ujazo, yaani urefu mita 1.2, upana 0.7, kina 0.5. Chukua futi kamba upime. Nakuta mara nyingi sakafu ya sentimita 10 imetobolewa matundu manne, mwenye mashine akaambiwa huo ndio msingi. Kama wako ni wa namna hiyo, vunja bila huruma, hakuna nati itakayokuokoa.

Ukijenga upya, chimba hadi udongo mgumu, na uache pengo la sentimita mbili na nusu kati ya msingi na sakafu, ulijaze mchanga, ili mtikisiko usipande kwenye kuta. Mchanganyiko uwe ndoo 1 ya saruji, 1.5 ya mchanga, 3 za kokoto, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Mafundi wetu wanapenda zege linalotiririka kwa sababu ni jepesi kumwaga, lakini maji ya ziada ni nguvu unayoitupa. Weka nondo za milimita 12 juu na chini. Bolti za mkunjo (zilizopindwa ncha ya chini) ziingie kwenye zege angalau mara 12 ya unene wake, ambayo kwa M16 ni karibu sentimita 20, na zisikae chini ya sentimita 10 kutoka ukingoni. Nahisi kona yako imepasuka kwa sababu bolti ilikuwa ukingoni mno. Sehemu ya juu ya bolti ivishe kipande cha bomba la PVC la inchi 2, ukiongeza urefu wa bolti juu ya zile sentimita 20 za chini. Bomba linakupa nafasi ya kusogeza bolti kidogo, na linaiachia urefu wa kuvutika ambao hauja­gandana na zege. Zishikilie zote nne kwa kiolezo cha mbao kilichotobolewa kwa vipimo vya fremu yenyewe, siyo vya kichwani.

Funika kwa magunia yenye maji siku 7. Najua kila siku mashine inapolala wateja wanahamia kwa jirani, lakini siku ya 7 zege la kawaida lina karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake. Tumia muda huo kupandisha fremu na kupanga. Kuwasha, siku 28 ndiyo haki yake. Mimi siwashi kabla ya 14.

Fremu isilale moja kwa moja juu ya zege. Acha pengo la milimita 25 hadi 40, uinyanyue kwa kabari za chuma, uiweke sawa kwa pima maji mbele-nyuma na kushoto-kulia. Uso wa zege uwe umechongwa kwa tindo hadi kokoto zionekane, ukalowekwa siku nzima, kisha maji yaliyotuama yakafutwa. Ndipo ujaze grauti isiyosinyaa, ukimimina kutoka upande mmoja tu hadi itokee wa pili. Ukimimina pande zote mbili unafungia hewa katikati. Usipoipata, changanya saruji 1 na mchanga 2 kwa maji machache mno: ukifinya konzi moja ibaki na umbo la vidole bila kutoa tone. Uishindilie kwa ubao na nyundo, kidogo kidogo. Ikishakomaa toa kabari na ujaze matundu yake, uzito wote ukae kwenye grauti.

Kuhusu kukaza. M16 isiyo na alama ya 8.8 (daraja la chuma kigumu zaidi) kichwani inataka karibu Nm 85 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukishika spana sentimita 40 kutoka kwenye nati, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 21 mkononi. Bomba la mita moja na mtu wa kilo 60 ni karibu Nm 600, mara saba ya kinachotakiwa. Kaza kwa mshazari, mzunguko wa kwanza nusu nguvu, wa pili nguvu kamili, wa tatu kuhakikisha.

Mikanda inahusiana, ndiyo, lakini ipange baada ya injini kukaa, kwa sababu kila mguu unaourekebisha unahamisha puli. Vuta uzi kupitia nyuso za puli mbili: uguse sehemu nne, mbili kwa kila puli. Kanuni ya jumla inaruhusu kupishana karibu milimita 8 kwa mita moja ya umbali, ila mimi huhangaika hadi 3. Uzi hauoneshi puli iliyoinama kichwa, kwa hiyo egesha pima maji wima kwenye uso wa kila moja. Mkazo wa mkanda uwe wa kubonyea milimita 16 kwa kila mita kati ya puli, na ubadilishe mitatu yote kwa pamoja. Mikanda muda wote inaivuta injini kuelekea kwenye kinu, hivyo weka bolti ya kusukuma kwenye reli, upande wa kinu, iizuie isisogee.

Kagua na nyundo za kinu, watu huzisahau. Ukibadilisha moja tu iliyokatika, mpya inakuwa nzito kuliko wenzake. Tofauti ya gramu 50, sentimita 25 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 3000 kwa dakika, inavuta kwa nguvu ya karibu kilo 125 ikizunguka pande zote. Badilisha seti nzima, na pima safu zinazotazamana kwenye mzani wa duka hadi zilingane.

Ukimaliza, endesha nusu saa bila mahindi, zima, kagua nati zote. Rudia baada ya saa 8 za kazi, kisha baada ya saa 50. Lakini kwa sasa usinunue hata mfuko mmoja wa saruji. Toa ile mipira, fanya jaribio la kulegeza mguu mmoja mmoja na lile la povu, kisha niandikie: kila mguu umepanda milimita ngapi, povu limepumua wapi, na msingi una urefu, upana na kina gani.