Mwembe hauna sumu mkuu, mahindi yako yamenyang'anywa chakula

Mkuu umesema ulifukia majani makavu ya mwembe shambani mwezi wa kumi na moja, mahindi yakafika magotini yakaanza kuwa njano, na jirani kakwambia mwembe una sumu. Hapana bana. Mi niko Tabora, yalinikuta hayohayo na wala haukuwa mwembe, yalikuwa maranda ya fundi seremala, viroba kumi na mbili nimebeba kwa baiskeli huku nachekelea mbolea ya bure. Mahindi yalivyoanza njano nikakimbilia duka la pembejeo nikauziwa dawa ya kupulizia, hela ikaenda, njano ikabaki palepale.

Iko hivi. Jani likifukiwa wanaolila ni bakteria na fangasi, na wao ili wazaliane wanataka nitrojeni (chakula kilekile kinacholipa hindi ukijani) kama sisi tunavyotaka maharage kwenye ugali. Chakula kinachowafaa ni kaboni (huo ndo ugali wao) kama 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja, sasa mabua ya mahindi yanacheza kwenye 60, maranda ndo usiseme, yanapita mia kadhaa. Ugali mtupu huo! Mboga wanaifuata wapi? Wanaichota kwenye udongo, hindi lako lenye vimizizi viwili vitatu halifui dafu mbele yao. Ila hawaondoki nayo, wakifa inarudi, ndo maana msimu uliofuata kipande kilekile cha maranda kilinipa mahindi mazuri mpaka nikaona aibu kwa yale maneno niliyomtolea fundi.

Chimba kidogo na kijiko uone mwenyewe. Mi niliyakuta majani yamegandana kama chapati za jana, katikati kuna nyuzi nyeupe nyembamba kama uzi wa buibui, hao ndo fangasi, wenye meno ya kutafuna lignini ile inayofanya mti uwe mgumu. Sukari na vitu laini huwa vinaisha mapema, jani moja lilikuwa limebaki mishipa tu, wavu mtupu, ukilinyanyua unaona mwanga upande wa pili.

Halafu kwetu huku kuna ishu ya kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba hakuna kinachooza, jani lililoanguka Juni unalikuta vilevile likikanyagwa linalia kama karatasi ya biskuti, anayefanya kazi ni mchwa peke yake (na yeye wa vichuguu vikubwa anafuga fangasi wake humo ndani, ule uyoga mkubwa unaotoka kichuguuni mvua zikianza ni wa bustani yake). Mvua ya kwanza ikigonga udongo mkavu ndo bakteria na fangasi wanaamka kwa fujo na nitrojeni inaachiwa kwa mkupuo. Birch, mtafiti aliyekuwa Muguga kule Kenya, aliliandika hili mwaka 1958, ila wazee wetu wanaowahi kupanda nao hawakuwa wajinga, maana ukichelewa mvua kubwa zinaishusha chini mizizi isikofika.

Kwa sasa weka yurea (mbolea ya nitrojeni) kidogo pembeni ya shina udongo ukiwa na unyevu, ifukie. Mwakani usifukie makavu matupu. Lundika, kimo cha kiuno hivi, changanya na samadi ya mbuzi na majani mabichi, mwagia maji, chomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache kichomoe, kikiwa cha moto bakteria wako kazini, kikiwa kikavu ongeza maji, kikinuka uvundo umezidisha, pindua. Na usichome moto, nitrojeni karibu yote inapaa na moshi, wewe unabaki na jivu.

Kabla hujanunua yurea lakini tupia picha ya majani ya chini. Kama njano inaanzia nchani inarudi katikati ya jani kwa umbo la V, ndo njaa ya nitrojeni yenyewe. Kama ni majani machanga ya juu, hiyo ni kesi nyingine.