Jagi la umeme kwa chai na kahawa: ukiwa huku Mbeya anza na mfuniko, wati zije baadaye

Baridi ya Juni ikishaingia huku Mbeya basi swali ni lile lile, jagi gani la umeme zuri, la elfu ishirini na kitu linatosha au mtu ajipinde achukue la bei. Nimeishi na haya majagi muda mrefu, nyumbani kwangu, kwa wazee Tukuyu, na ofisini ambako jagi moja linatumiwa na idara nzima kutwa, kwa hiyo leo naandika yote ninayoangalia ili ukienda Mwanjelwa au Kabwe ujue unashika nini kabla hujatoa hela.

Usianze na rangi, na wala usianze na wati. Fungua mfuniko. Majagi mengi tunayouziwa yanajizima yenyewe maji yakichemka, na kinachoyazima ni mvuke. Chungulia ndani, juu kabisa upande wa mkono wa kushikia, utaona kitundu au kijimfereji kidogo, maji yakianza kutokota mvuke unapita hapo unafuata njia yake mpaka kwenye swichi (kwenye mengine swichi iko juu ya mkono, kwenye mengine iko chini kabisa), na pale kuna kibati chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja inatanuka zaidi ya mwenzake ikipata moto, basi kibati kinabetuka na swichi inaruka, tak. Ndio hiyo tak unayoisikia. Sasa mfuniko ukiwa haubani vizuri mvuke unaishia hewani, kibati hakipati moto, na jagi litaendelea kutokota huku wewe uko bafuni unajiandaa, LUKU inakwenda na maji yanapungua.

Kuna kinga nyingine chini karibu na kitako ambayo inakata umeme maji yakiisha kabisa, lakini hiyo ni ya dharura jamani, haikuwekwa ifanye kazi kila asubuhi, ukiitegemea kila siku inachoka na siku ikishindwa ndio unaanza kunusa plastiki inaungua.

Kwa hiyo dukani funga mfuniko usikie umebana, ujaribu kuutikisa. Halafu ufungue tena uingize mkono, ukiingia mpaka chini ujue utaliosha, usipoingia basi huko chini utakuwa unapaangalia tu. Na muombe muuzaji mlichemshe palepale, "kaka naomba tulijaribu na maji kidogo", wengi wanakubali bila shida maana hata wao hawataki urudi kesho na maneno. Anayekataa hata nusu lita mimi namshukuru naenda duka la pili. Likichemka angalia vitu viwili. Kwanza, maji yakitokota kweli kweli lizime lenyewe baada ya sekunde chache, lisikae linapiga povu dakika nzima. Pili, linyanyue upitishe kidole kwenye kile kidirisha cha kuonyesha maji yamefika wapi, pale plastiki inapokutana na bati, maana pale ndipo majagi mengi yanaanzia kuvuja, na chini yake ndio kuna kile kitako chenye umeme.

Haya, tuje kwenye nyuzi joto, na hapa naomba mnisikilize vizuri watu wa nyanda za juu kwa sababu ndipo hela inapopotea. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji hayasubiri nyuzi 100 kama Dar, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Iringa inazidi hapo kidogo tu, na Njombe na Makete ndio chini zaidi. Hiyo haibadiliki kwa jagi la gharama wala la bei chee. Sasa kuna majagi ya kidijitali yana vitufe vya 70, 80, 90, 100, yanauzwa bei mara tatu mpaka nne ya haya ya kawaida, na muuzaji atakwambia hili dada ndio la kahawa. Kitufe cha 100 huku hakina kazi, maji hayatafika 100 hata yakeshe, na mengine kwa vile yanasubiri namba hiyo yanatokota tu bila kujizima. La mvuke halina tatizo hilo, lenyewe linasikiliza mvuke, halina habari na namba.

Na uzuri ni kwamba kwenye kahawa mlima unatusaidia. Wanaoandaa kahawa ya kuchuja wanataka maji ya nyuzi 90 mpaka 96, huko pwani mtu anachemsha halafu anasubiri yapoe kidogo, sisi tak ikishalia mimina moja kwa moja juu ya kahawa yako ya Mbozi iliyosagwa na uko pale pale panapotakiwa. Kwa hiyo kama unachotaka ni kahawa nzuri nyumbani, hela ya vitufe hamishia kwenye mdomo wa jagi. Mdomo mwembamba unaotoa maji taratibu kama uzi unakupa uwezo wa kuizungusha kahawa yote ilowe sawasawa, ule mdomo mpana unamwaga kwa kishindo unachimba shimo katikati na pembeni kunabaki kukavu. Kwa mtu wa kahawa ya unga ya kukoroga kikombeni hii haimhusu, achukue lolote linalofunga vizuri.

Chai ndio kinyume. Majani ya chai nyeusi, iwe ya Rungwe au ya Mufindi, yanataka maji ya moto kadiri inavyowezekana, na sisi tumeshapungukiwa nyuzi sita kabla hata hatujaanza. Usiache maji yakae. Suuza birika au chupa ya chai na maji ya moto kwanza yamwage, weka majani, mimina jagi likiwa bado linanguruma, funika, uyape majani dakika tano badala ya tatu. Watu wanalalamika chai ya jagi imepooza haina rangi wakati wamemimina maji yaliyokaa robo saa kwenye kikombe cha baridi, hapo majani hayana kosa kabisa.

Wati sasa. Mengi yana wati 1,500, makubwa yanafika 2,200. Umeme unaotumika kuchemsha lita moja ni karibu ule ule, kama sehemu moja ya kumi ya uniti, tofauti ni muda tu, la 1,500 linachukua kama dakika nne na la 2,200 linakaribia tatu. Kwa bei ya uniti ya shilingi 350 hivi, lita moja ni kama shilingi 35, na wale wa matumizi madogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanalipa chini sana ya hapo. Kinachokula LUKU ni kujaza jagi la lita 1.8 mpaka juu kwa ajili ya vikombe viwili, yaani tabia hiyo ina gharama kuliko tofauti yoyote ya wati. Ndio maana mimi napenda jagi ambalo alama ya chini kabisa ni nusu lita au pungufu, angalia alama hiyo kabla ya kununua, kuna mengine yanaanzia lita nzima na hayo kwa mtu anayekaa peke yake ni hasara.

Halafu nyumba nyingi jioni umeme unakuwa hafifu, taa zinafifia. Jagi la wati 2,200 likipata volti 200 badala ya 230 linashuka mpaka kama wati 1,660, kwa hiyo ukiona linachelewa usiku na asubuhi liko fasta, jagi halijaharibika, umeme ndio mdogo.

Na kitu kimoja nakiomba kwa moyo wote, jagi lichomekwe kwenye soketi ya ukutani. La 2,200 linavuta karibu ampea 10, zile ekstensheni za waya mwembamba ambazo tayari zimebeba TV, chaji za simu na pasi haziwezi huo mzigo, shika plagi yake baada ya chemsha moja utaona ilivyo ya moto. Na waya wa kitako usining'inie ukingoni mwa meza kama kuna mtoto anayetambaa. Waya wake unatengenezwa mfupi kwa sababu hiyo hiyo, usiuongeze.

Plastiki au bati? Nachagua stenlesi ndani yote, kitako bapa, koili isionekane. Plastiki ni nyepesi na haichomi mkono ila nusa kabla hujanunua, yenye harufu kali dukani utaikuta kwenye chai. Ya kioo inapendeza lakini kwa sinki zetu za terazo na maji ya baridi ya asubuhi mimi siishauri. Ukianza kuona ukoko mweupe chini weka maji nusu na ndimu mbili au siki kidogo, chemsha, acha saa moja, mwaga, suuza. Usikwangue na steelwire.

Mwisho ni maziwa, maana huku kwetu Rungwe na Iringa chai bila maziwa wazee wanakuuliza kama kuna msiba. Maziwa usiyatie kwenye jagi. Yanashika kitako yanaungua, yanafoka mpaka kwenye kile kitundu cha mvuke na kukiziba, na jagi lenye kitundu kilichoziba halijizimi tena. Mayai na tambi nazo hivyo hivyo, wanangu wa hosteli. Ninavyofanya mimi, maziwa na tangawizi iliyopondwa vinaanza kwenye sufuria ya gesi moto mdogo, wakati huo huo jagi linachemsha maji, likilia tak nayamimina kwenye sufuria na majani na sukari, nafunika, dakika tatu nne nachuja kwenye chupa. Gesi inapumzika, na chai imetoka na rangi.