Jipe pole na wewe: maswali ya wazazi na walimu

Wiki hii meseji nyingi zimetoka kwa wazazi na walimu waliochoka, na karibu wote mnaongelea kitu kimoja, kujilaumu. Nimechukua nne.

Natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku nakuta mtoto kashalala na yunifomu. Naona kama mi si mama. Nifanyeje?

Pole sana dada. Na hiyo pole ishike, maana ndo jibu lenyewe. Sisi mtu akijikwaa tu barabarani, hata hatumjui, tunampa pole, akitoka kazini pole na kazi, ila we mwenyewe unarudi miguu imevimba, umesimama kwenye daladala njia nzima, na kitu cha kwanza unachojiambia ni "mama gani mimi". Shoga yako angekusimulia hayo ungemjibu hivyo? Basi leo ukiwa unamvua mtoto soksi, taratibu asiamke, jiite jina lako na ujiambie pole, siku ilikuwa ndefu. Kwa sauti kabisa. Mwanzoni utaona aibu, baadae unazoea. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika tangu 1953 kwamba mtoto anahitaji mama anayetosha tu, na vile vipungufu vidogo vidogo ndo vinamzoesha dunia ilivyo.

Huko si kudeka? Mume wangu anasema nikijihurumia sana ntakuwa mvivu.

Mwambie shemeji hivi ni vitu viwili tofauti. Anayejionea huruma anasema "kwa nini mimi tu", anakaa hapohapo. Anayejipa pole anasema limenikuta kama linavyowakuta wengine, sasa naamkaje. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika haya mwaka 2003 akataja mambo matatu, kujisemesha kwa upole, kukumbuka hauko peke yako, na kuliona jambo kwa ukubwa wake bila kulikuza. Na uvivu? Mwaka 2012 watafiti Juliana Breines na Serena Chen walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo waliofanya vibaya kwenye jaribio, na wale walioelekezwa kujipa pole ndo walikaa kusoma muda mrefu zaidi kabla ya jaribio la pili.

Mi mwalimu wa darasa la tatu, nina watoto 112. Juzi nilimfokea mmoja mbele ya wenzake hadi akalia, mpaka leo roho inaniuma.

Mwalimu mwenzangu, kwanza tupige hesabu. Madaftari 112, dakika moja kila daftari, ni karibu masaa mawili, na hilo ni somo moja tu. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto wamejaa madarasani, jambo jema sana, ila mikono yako imebaki miwili ileile. Hujawa mtu mbaya, umechoka.

Lakini sitakudanganya, kujisamehe kimyakimya haitoshi, yule mtoto naye ana lake moyoni. Mwaka jana mwanangu alimwaga uji kwenye shati la shule, tulikuwa tumeshachelewa, nikamfokea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, siku nzima nafundisha huku naona lile doa la uji tu. Jioni nikakaa naye kwenye mkeka nikamwambia nilikosea, uji unamwagika, hata mimi namwaga. Akaniangalia akaniuliza, "kwa hiyo kesho naweza kunywa kwenye kikombe changu cha bluu?" Kumbe asubuhi yote alidhani nimemnyang'anya kikombe chake. Kwa hiyo nenda kwa yule mtoto, na kwa kuwa ulimfokea mbele ya wenzake, muombe radhi mbele yao pia. Heshima yako haipungui hata kidogo.

Mi ni baba, nalea watatu peke yangu. Mawazo yananijia usiku tu, usingizi unakata.

Pole kaka, na asante kwa kuandika, wanaume wengi mnanyamaza. Yakija weka mkono kifuani, vuta pumzi taratibu, jiambie nimewalisha, wamelala salama, mengine kesho. Ila ikipita wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, hapo nenda kituo cha afya uwaambie ukweli wote, wasikupe panadol ukarudi. Na siku hiyo jirani akae na watoto, muombe tu, atakubali.