Shangazi, nimeficha njumu za mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, mvulana, atatimiza miaka 15 mwezi wa Novemba. Anacheza winga ya kushoto na mpira ndiyo roho yake, ingawa kocha humweka benchi mara nyingi kwa kuwa wenzake wamemzidi kimo. Muhula uliopita alishuka darasani vibaya, nikazificha njumu zake. Tangu siku hiyo hanisemeshi.*

*Sasa amekuja mtu anayejiita wakala. Anasema akademi moja ya nchi ya mbali inamtaka kwa majaribio na itamsajili mara moja. Ila tulipe kwanza "gharama za maandalizi", na cheti cha kuzaliwa kibadilishwe kisomeke ana miaka 12, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na hakuna atakayejua. Mume wangu ameshaanza kutafuta fedha. Anasema shule ipo tu, bahati haiji mara mbili. Ndani ya nyumba yangu mimi ndiye ninayeonekana adui. Nimwachishe shule, au nimwachishe mpira? Juzi pia ameanza kulalamika goti. – Mama Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Hayo maswali yako mawili yaweke kando kwanza, maana hakuna aliyekulazimisha kuchagua ila huyo bwana. Basi tuanze naye.

Mimi kuotea sikuelewi mpaka leo, lakini karatasi nazielewa. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Ipo milango michache ya pembeni: wazazi wawe wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, mchezaji awe na miaka 16 hadi 18 na anahama ndani ya eneo la Umoja wa Ulaya na washirika wake, mtoto awe anaishi mpakani kabisa, au awe mkimbizi. Kwa barua yako, sioni mlango hata mmoja unaomhusu mwanao. Na usidhani kanuni hiyo ni pambo. Barcelona waliadhibiwa mwaka 2014 kwa kusajili watoto kinyume chake, wakazuiwa kununua wachezaji. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Real Madrid na Atletico Madrid, na 2019 Chelsea. Klabu inayojua hayo haitamsajili "mara moja" kijana wa miaka 14 ambaye haijamwona hata akifunga kamba za viatu.

Halafu hilo la umri. Hapa ndipo nilipomaliza shaka, kwa sababu bwana huyo hata hesabu hakupiga. Kwa umri wake wa kweli, kijana wako amebakiza miaka mitatu na ushei kufika 18. Mkimfanya wa miaka 12, amebakiza mitano na ushei. Anayetaka kweli kumpeleka nje angerefusha safari hiyo kwa nini? Ni kwa sababu hayumo kwenye safari, yumo kwenye "gharama za maandalizi".

Tuseme hata mngefanikiwa. Kuanzia siku hiyo mtoto ana tarehe mbili za kuzaliwa, moja shuleni na nyingine klabuni, na kila hati atakayopata inaweza kumuumbua. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono kwenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 17, kuona kama mfupa umeshakomaa. Leo haitamnasa, kweli. Inaweza kumnasa siku atakapokuwa na miaka 18 huku karatasi ikisema 16, yaani siku ile ile ambayo jina lake limeanza kutajwa. Na atakayefungiwa ni yeye, si wakala.

Sasa kuhusu kimo, hapa nataka baba yake asikilize pia. Timu nyingi za vijana hupanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huanza Januari. Mwanao wa Novemba anakimbizana na mtoto wa Januari aliyemtangulia kwa miezi kumi, na wote wanahesabiwa rika moja. Watafiti wa michezo wameliona hili katika nchi nyingi: akademi hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, na wa mwishoni huchujwa mapema. Hapo bado hujaongeza balehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 13 na 15, lakini wapo wanaochelewa, na anayechelewa huonekana dhaifu kwa muda tu. Kuna hata faida ndani yake: mdogo asiyeweza kusukumana hulazimika kufikiri haraka na kuujua mpira kwa mguu. Kocha akimweka benchi kwa sababu ya urefu, nenda kamuulize kwa adabu anataka kumwona akiboresha nini. Jibu likiwa "akue tu", tafuta timu nyingine ya karibu ambayo atacheza. Dakika za uwanjani zinamfaa kuliko jina la timu.

N'Golo Kanté, kiungo Mfaransa, alipitwa na akademi za Ufaransa utotoni kwa sababu ya umbo lake. Akabaki kwenye timu ndogo ya Suresnes, jirani na Paris, mpaka alipokaribia miaka 20. Alipoingia klabu ya Boulogne aliendelea kusoma uhasibu. Mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester, 2017 na Chelsea, na 2018 bingwa wa dunia. Katika kikosi hicho cha Leicester alikuwamo mshambuliaji Jamie Vardy, ambaye klabu yake ya utotoni ilimtema akiwa na miaka 16. Sikutajii hawa ili uamini mwanao atakuwa kama wao. Watoto walio wengi mno hawafiki huko, na mzazi anayekataa kulisikia hilo ndiye anayeibiwa fedha. Nawataja kwa sababu mume wako anasema bahati haiji mara mbili. Kwa mpira wa utotoni si kweli. Huja umri wa miaka 15, huja 17, huja 20, mradi mtoto bado anacheza na bado mzima.

Na wewe, mama, nina neno nawe. Njumu mrudishie leo. Nakuelewa, ulitaka ashituke. Lakini umemfundisha kwamba shule ndiyo inayomnyang'anya kitu anachokipenda, na akitokea mtu kumwambia shule ni kikwazo, atakuwa ameshamwamini kabla hajamaliza sentensi. Kaa naye chini mpatane kama watu wawili. Sadio Mané, mshambuliaji wa Senegal, mwenyewe amesimulia alivyotoroka nyumbani kwenda Dakar kufuata mpira, akatafutwa na kurudishwa. Alikubali kurudi shuleni kwa sharti kwamba mwaka ukiisha aruhusiwe kwenda. Naipenda habari hiyo kwa sababu ya sharti. Familia iliyokuwa ikisema hapana ilibidi imsikilize, na kijana naye akatimiza upande wake.

Mpatane mambo yanayopimika. Kwa mfano, kazi za shule zimalizwe kabla ya mazoezi, si baada, kwa kuwa usiku mwili umechoka na kichwa kimelala. Mazoezi yawe na siku ya kupumzika. Simu itoke kitandani, maana umri wake unahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Akishuka tena, mnaongea na mwalimu kabla ya kugusa mpira. Na usimwambie asome "ili mpira ukishindikana". Kijana husikia hapo kwamba mama ameshamtabiria kushindwa. Mwambie asome kwa kuwa siku moja atawekewa mkataba mezani, wenye kurasa nyingi na lugha ngumu, na itambidi aelewe anachokitia sahihi. Kanuni haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Asiyesoma hatajua hata kwamba amezidishiwa.

Goti: mpeleke kwa daktari, asikandwe na mtu yeyote. Maumivu chini kidogo ya pia ya goti ni ya kawaida kwa watoto wanaorefuka na kukimbia sana, na mara nyingi hutulizwa kwa kupunguza mazoezi kwa muda. Lakini aamue daktari, si mimi.

Amebaki mume wako. Usibishane naye kuhusu ndoto ya mtoto, hapo atakushinda na mtagombana bure. Anampenda mwanawe na anaona mlango unafungwa. Mwombe jambo moja tu: kabla fedha haijatoka, mkae wote wawili na huyo wakala, na mume wako ndiye aulize. Jina lake kamili ni lipi, na namba ya leseni yake ya FIFA? Mawakala wenye leseni wapo kwenye orodha iliyo wazi mtandaoni, mtaitazama mbele yake. Barua ya klabu iko wapi, nani ameitia sahihi? Mwambieni mtaipeleka shirikisho la soka la nchi yenu ithibitishwe, na kwamba cheti cha kuzaliwa hakibadilishwi. Gharama atalipwa siku klabu itakapomlipa mtoto, maana wakala wa kweli hula kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa.

Baada ya hapo msimtafute, mwacheni yeye apige. Simu yake ikiwa haipatikani wiki nzima, mume wako atakuwa amejibiwa bila wewe kusema neno.