Maswali ya Wasomaji: Mwanasesere wa Mwalimu na wa Bi Kidude

SWALI: Ninatengeneza mwanasesere wa Mwalimu Nyerere, urefu sm 28. Kila anayemtazama anasema ni mzee yeyote tu. Halafu kichwa, cha udongo unaokauka kwa hewa, kimeshapasuka mara mbili. (Mwanza)

JIBU: Chagua mwaka kwanza. Mwalimu wa 1961 ana nywele nyeusi; yule aliyeng'atuka mwaka 1985 ana mvi. Ukichanganya picha za nyakati hizo mbili, unapata mtu ambaye hajawahi kuwepo. Tafuta picha mbili za umri mmoja, ya mbele na ya ubavuni, zilizopigwa kwa mbali, maana picha ya karibu sana hukuza pua. Zichapishe hadi kimo kutoka kidevuni hadi utosini kiwe sm 3.7, kisha hamisha vipimo kwa bikari. Macho hukaa katikati ya kimo hicho. Wengi huyapandisha juu, paji likafupika, na paji la Mwalimu ni pana: hapo ndipo sura inapopotea. Mvue barakashia, mnyang'anye fimbo. Kama bado ni Mwalimu, endelea. Kama siye, rudi usoni kabla ya kushona chochote.

Masharubu usiyabandike kwa nywele. Unywele halisi kwenye kichwa cha sm 3.7 huonekana kama waya. Katakata uzi wa sufu hadi uwe unga, paka gundi ya mbao kidogo, nyunyizia, kung'uta unaobaki.

Kupasuka kunatokana na hali moja: udongo husinyaa unapokauka, lakini kiini kilicho ndani hakisinyai. Tabaka nene hukauka nje kwanza, likavutwa mpaka likaachia. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, uigandamize iwe ngumu na ndogo kuliko kichwa kwa mm 5 kila upande. Funika kwa tabaka la mm 2 hadi 3, likauke saa 24 kivulini ndani ya mfuko uliofunguliwa kidogo, kwaruza, lowesha kidogo, ongeza jingine. Nyufa ndogo zijaze kwa uji wa udongo huohuo uliochanganywa na gundi ya mbao, ukikauka piga msasa.

SWALI: Nataka kumvisha Bi Kidude kanga, lakini maua ya kanga halisi yanammeza. (Tanga)

JIBU: Yatammeza tu, kwa sababu yeye amepunguzwa (nachukulia mara sita) na maua hayajapunguzwa. Kanga ya sm 150 kwa 110 inakuwa sm 25 kwa 18. Pima pindo, mji na jina la kanga unayoipenda, gawa kila kipimo kwa 6, kisha chora kwa kalamu ya nguo juu ya pamba nyepesi iliyofuliwa na kupigwa pasi. Herufi za sm 2.4 zinabaki mm 4; kudarizi hapo hakuwezekani, ziandike. Jina lisiachwe: kanga isiyo na jina mtu wa Pwani huiona mara moja. Kitambaa kikikataa kulala mwilini, kilaze kikiwa na unyevu, kibane kwa pini mpaka kikauke.

Makunyanzi ya uso wake, ambayo ni hazina, yatoe kwa rangi: kahawia nyepesi ya maji juu ya uso uliokwisha kupakwa na kukauka, kisha futa haraka kwa kitambaa. Rangi hubaki kwenye mikunjo pekee.

SWALI: Ngozi inatoka na majivu, na vanishi ya kupuliza imeacha uso ukinata wiki nzima. Natumia udongo wa polima, ule wa plastiki unaookwa ili ugande. (Mombasa)

JIBU: Majivu hayo yanaletwa na rangi nyeupe. Ukitaka kung'arisha kahawia, tia manjano au chungwa. Nyeupe huifanya ngozi ionekane imepauka kwa kukosa mafuta. Weka wekundu kidogo masikioni na midomoni. Weupe wa jicho nao uzimwe kwa tone la kahawia, la sivyo atakukodolea.

Vanishi nyingi za kopo la kupuliza hutibua udongo wa polima, na kunata huko mara nyingi hakuishi hata ukisubiri. Ondoa tabaka lote, kisha tumia vanishi ya akriliki ya maji isiyong'aa, kwa brashi, matabaka mawili membamba. Inayong'aa iwe tone moja kwenye kila jicho.