Kabla hujanunua bodi ya LoRa, niambie kwanza itakaa wapi

Jumapili iliyopita mida ya saa tatu asubuhi baba alinipigia kutoka Mgeta. Hata salamu hazijaisha akasema, "Tenki linasoma tisini na mbili, nimezima pampu, na leo sijapanda." Nilikaa kimya kidogo. Tangu nipate akili, pale nyumbani kujua maji yamefika wapi ni mpaka mtu apande mlima hadi kwenye simtanki, apige ubavuni na kiganja asikilize, halafu apige kelele huku chini pampu izimwe, na magoti ya baba siku hizi mlima hayautaki kabisa.

Sasa jioni ya siku hiyohiyo kijana mmoja wa Njombe kanitumia ujumbe: "Kaka habari za kazi, nataka kuanza mambo ya LoRa, nimeona bodi moja ina GPS, ina WiFi, ina bluetooth, ina kioo, wanasema inafika kilomita 15, nichukue hiyo?" Nimeanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu, na najua mko wengi mnaoulizia kitu hichohicho, basi nalileta hapa. Kwa asiyejua, LoRa ni redio ndogo inayorusha ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, bila laini ya simu, na ndiyo iliyompa baba ile tisini na mbili.

Mimi nilianza hivyohivyo. Nikaangalia picha, nikahesabu vikorokoro vilivyomo, nikaagiza bodi mbili kwa wauzaji wawili tofauti ili niokoe hela. Nilimuuliza mmoja wao kama zitaongea na ya yule mwenzake, akanijibu "LoRa ni LoRa tu bosi". Zimefika, nimeweka programu, kimya. Wiki nzima nalala saa nane usiku nabadilisha kodi za programu, nikijua kosa ni langu humo. Kumbe moja ilikuwa na chipu ya SX1278, na ile chipu mwisho wake ni megahezi 525, yaani ni ya watu wa megahezi 433, na nyingine ilikuwa ya 868. Hizo haziwezi kuongea hata uziweke meza moja, ni kama mmoja anasikiliza redio moja na mwenzake anatangaza kwenye stesheni nyingine. Ningeangalia antena tu ningeshtuka: waya wa robo wimbi wa 433 ni kama sentimita 17, wa 868 ni 8 na nusu hivi. Rula ya shule ingeniokolea wiki.

Nikaagiza nyingine ya 868. Kusubiri mizigo tuiruke. Ilipofika nilikuwa na hamu sana, nikachomeka kebo ya USB, nikaanza kurusha ujumbe, antena bado iko kwenye mfuko. Jamani. Redio ikirusha bila antena ile nguvu inakosa pa kwenda, inarudi kwenye chipu yenyewe. Kuanzia siku ile bodi ikawa inasikia vizuri ila yenyewe ikiongea haisikiki zaidi ya mlangoni. Nilipoeleza kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu, tena mtu ninayemheshimu kwa ufundi wake, akaandika kwamba hivyo ni vidoli, nimnunulie mzee simu mpya yaishe. Sikumjibu. Ila ile sentensi nimekaa nayo muda mrefu, na nakiri ilinifanya nisiache.

Tatizo lililoniumiza zaidi lilikuwa betri. Ile bodi niliyoipeleka kwenye tenki ilikuwa na kila kitu, GPS, kioo, WiFi, na betri moja ya 18650 mgongoni. Ikifanya kazi muda wote mita yangu ilisoma kama miliampea 80, na betri ya miliampea-saa 2500 hapo ni siku moja na masaa. Nikasema basi ilale, iamke kila dakika 10 ipime maji, itume, ilale tena. Ikilala nikapima, bado inakula miliampea 10! ESP32 yenyewe, ile chipu kuu ya bodi, ikilala usingizi mzito haili kitu, ni maikroampea chache, lakini kwenye ile bodi kulikuwa na taa nyekundu inayowaka daima, chipu ya USB iko macho, na ile ya kurekebisha umeme nayo inakula taratibu. Siku 10 ukijitahidi. Na Mgeta msimu wa ukungu jua unaweza usilione siku kadhaa, kapaneli kadogo ka sola hakatoshi. Mara tatu baba alinipigia kuniambia "mwanangu, kimekufa tena", na mara zote tatu alipanda yeye mwenyewe kwenda kukitoa. Hilo la yeye kupanda kwa ajili ya kifaa nilichokileta ili asipande liliniuma kuliko hela zote nilizopoteza.

Hapo ndo nilielewa kwamba swali langu tangu mwanzo lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza bodi gani ni nzuri, wakati huku kuna sehemu mbili zenye maisha tofauti kabisa. Ya mlimani haina umeme, haina mtu, haina haja ya kioo wala WiFi, kazi yake ni kulala, iamke ipime, iseme, ilale. Ya nyumbani ina umeme wa ukutani, iko macho muda wote inasikiliza, na inahitaji kioo kwa sababu baba hatafungua programu ya simu, ataangalia namba. Nani alisema lazima zifanane?

Kwa hiyo mlimani nikaweka bodi ya RAK4631, ambayo inatumia chipu kuu ya nRF52840 pamoja na redio ya SX1262. Haina WiFi na siihitaji. Ikilala inahesabiwa kwa maikroampea. Nyumbani nikaweka Heltec WiFi LoRa 32 V3, ESP32-S3 na SX1262 hiyohiyo, ina kakioo kake kadogo, imekaa kabatini pembeni ya redio ya mama, imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, na pale ndo baba anasoma ile tisini na mbili yake. Ila ukichanganya bodi hakikisha zinafanana frikwensi, SF (ikiwa kubwa ujumbe unaenda polepole ila unafika mbali), bendwidhi yaani upana wa masafa, na ile namba ya utambulisho ya mtandao, moja tu ikitofautiana utapata kimya kilekile cha kwangu.

Na hizo kilomita 15 za kwenye tangazo, mdogo wangu, ziache hukohuko kwenye tangazo. Redio za bodi nyingi hizi zinatoka kwa kampuni moja, Semtech, walioinunua Cycleo ya Ufaransa mwaka 2012 na teknolojia yake ya LoRa. Bodi ya bei kali na ya bei chee zikiwa na chipu ileile uwezo wa kufika haupishani sana, kinachopishanisha ni antena na kilichosimama katikati. Kutoka kwetu mpaka tenki hata kilomita 2 hazifiki, lakini kuna bega la mlima, na ujumbe ulikuwa unapotea nusu. Nikapandisha SF mpaka 12, kweli ukafika, ila kwa SF12 kaujumbe ka baiti 20 kanakaa hewani zaidi ya sekunde 1 wakati kwa SF7 hakafiki hata moja ya kumi ya sekunde, na muda wote huo betri inanyonywa. Dawa ilikuwa mwanzi. Tumekata mwanzi mrefu, tukafunga antena juu, tukaupandisha pembeni ya tenki, nikarudi SF9 na mambo yakatulia. Vijana mnatafuta bodi yenye nguvu zaidi wakati antena yako umeilaza chini ya bati! Inua antena. Nasema tena, inua antena, na usiichomoe chomoe, ile soketi ndogo ya antena kwenye bodi, ya IPEX, imetengenezwa kuchomekwa kama mara 30 tu.

Ya GPS kama LilyGO T-Beam nunua kama unafuatilia kitu kinachotembea, ng'ombe au pikipiki. Tenki haliendi popote. Na kabla ya yote angalia frikwensi zinazoruhusiwa kwenu, Tanzania wa kuuliza ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usinunue ya 915 ya soko la Marekani kwa sababu imeshushwa bei.

Kijana wa Njombe, bodi usinunue kwanza. Simama pale unapotaka kufunga sensa, piga picha kuelekea nyumbani, unitumie. Uniambie na umeme wa karibu uko wapi na nani atakuwa anasoma hizo namba.