"Premonish" ni neno halali kabisa, ila ujue linakaa wapi

Mkuu umeuliza kama "premonish" ni neno kweli au aliyeandika alikusudia "premonition" akakosea. Ni neno kabisa, tena la zamani, lipo kwenye Kiingereza tangu karne ya 16. Mi kazi yangu ni kutafsiri na kila nilipokutana nalo ni kwenye mahubiri ya kale au maandishi ya kisheria, kwenye magazeti ya leo sijaliona. Maana yake ni kumtahadharisha mtu kabla jambo halijatokea.

Sasa wengi wanapopotea ni hapa. Premonition siku hizi ni hisia, hakuna aliyekwambia kitu, ni machale tu yanakucheza. Premonish ni kitendo, lazima awepo anayeonya na anayeonywa, kwa hiyo huwezi kulitumia kusema eti ulihisi kuna kitu hakiko sawa. Unasema "he premonished us of the danger", yaani alituonya mapema kuhusu hatari, na hiyo "of" usiiache. Admonish nalo ni ndugu yake ila leo limeegemea zaidi kwenye kukaripia, mtu keshafanya kosa ndo anasemwa.

Mzizi ni Kilatini, monere ni kuonya na prae ni kabla, humo humo ndo zilitoka monitor na summon. Kuna kitu mimi nakipenda sana hapa, ile sheria ya Uingereza ya 1353 inayoitwa Praemunire, ya kuzuia kesi zisipelekwe mahakama za nje hasa kwa Papa, jina lake limetoka kwenye hati ya wito ambayo makarani walichanganya praemunire, kuimarisha, na praemonere, kuonya mapema. Na ndo kosa hilo la praemunire aliloshtakiwa nalo Kardinali Wolsey, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1529.

Kwenye barua ya kazi andika warn au forewarn, inatosha, ukiweka premonish msomaji atadhani umekosea spelingi kama ulivyodhani wewe. Ila premonitory, yaani linalotangulia kuonya, lishike vizuri maana madaktari wanalitumia hadi leo kwa dalili za mapema, mfano kwenye kipandauso, kupiga miayo hovyo au kuwa na hasira bila sababu masaa kadhaa au siku moja mbili kabla kichwa hakijaanza kuuma. Hizo mi huwa naziandika dalili tangulizi.